Pilipili Boga kwa Mwenye Mikarafuu

Sote twaijua tabia ya mkarafuu: mwaka mmoja huzaa sana, na miaka inayofuata hutoa kidogo. Katika miaka hiyo ya uhaba, mwenye shamba hushikwa na haja, akaweka rehani karafuu ambazo bado hazijatoka mtini. Kwa hiyo twawashauri wanachama wajaribu matuta machache ya pilipili boga.

Mmea huu huanza kuchumwa yapata miezi 2 au 3 baada ya kupandikizwa. Chagua mahali penye jua, si kivulini mwa mikarafuu, na maji yawe karibu. Miche ikitimiza wiki 6 hivi kitaluni, ipandikize jioni: sentimita 45 baina ya mche na mche, na 60 baina ya mistari. Tia samadi iliyooza. Usipande palipotoka tungule au mabilingani, kwani ugonjwa wa mnyauko hukaa ardhini. Wakati wa kuchuma, kata kwa kisu na uache kikonyo. Iliyochanika huoza upesi.

Tena, faida haipimwi kwa wingi wa vikapu. Andika daftarini gharama za mbegu, samadi, vibarua na nauli. Toa katika mauzo, kinachobaki ndicho chako. Waulize wanunuzi kabla ya kupanda, maana sote tukivuna pamoja, sote tutauza rahisi.

Mwenye fedha ya pilipili mkononi hana haja ya rehani. Karafuu zake zikitoka, ni zake.