Maji Kwanza, Halafu Kostiki



Vikundi kadhaa huku Raila na Kawangware hujipatia riziki kwa kutengeneza sabuni na dawa ya madoa. Ni kazi nzuri, lakini ni kazi ya kemikali. Mara nyingi mmoja tu ndiye amefunzwa, wengine wanakoroga tu. Je, siku asipokuja?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka wafanyakazi wapewe maelezo na mafunzo, na kila chombo cha kemikali hatari kiwe na lebo. Haibagui kiwanda kikubwa cha Athi River na chumba cha mabati.

Basi kila mwanakikundi ajue haya:

1. Kostiki soda hutiwa polepole ndani ya maji baridi. Usimwage maji juu ya kostiki. Itachemka ghafla na kukurukia usoni. Usitumie sufuria ya alumini, kwa sababu kostiki huila na kutoa hewa inayoshika moto. Ndoo ya plastiki ngumu inafaa.

2. Vaa glavu za mpira, miwani ya kazi na viatu vya kufunika mguu. Fanyia kazi nje, watoto wakiwa mbali.

3. Usichanganye dawa ya madoa na asidi ya kusafisha choo. Hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu, na chumba cha futi 10 kwa 10 hujaa upesi.

4. Usiweke kemikali katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma, anajua chupa tu.

Mtu akichomeka, mvueni nguo zilizolowa, mmwagie maji safi kwa dakika 20 au zaidi, hata machoni, halafu hospitali. Msipake ndimu wala siki. Aliyemeza msimtapishe.

Lakini jameni, hapa kwetu maji hununuliwa kwa mtungi, na kuna siku mifereji hukauka. Kwa hivyo mitungi 2 ya lita 20 ijazwe na kuwekwa kando kabla kostiki haijafunguliwa. Maji yakikosekana, kazi ingoje kesho. Sabuni hungoja, jicho halingoji.

Maswali ya kujadili kikundini:
- Nani kati yetu hajafunzwa, na atafunzwa lini?
- Tukipanga bei ya sabuni, tumehesabu glavu na maji?
- Ajali ikitokea, tutampeleka mgonjwa wapi, na kwa pesa gani?