KITI CHA MJUMBE NI CHA NANI?
Habari za Bwana Julian Bond wa Georgia, aliyechaguliwa mara tatu kabla ya kuketi

Nchi ya Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina Gavana wake, mahakama zake na Baraza lake la kutunga sheria. Yafaa msomaji asilichanganye Baraza la jimbo na Baraza la taifa lililoko Washington. Baraza la taifa hushughulikia mambo ya nchi nzima, kama vita, fedha na mapatano na nchi za nje. Baraza la jimbo hushughulikia mambo yaliyo karibu na nyumba ya mwananchi: shule, barabara, magereza, kodi za jimbo, na mipaka ya sehemu za uchaguzi.

Wajumbe wa mabaraza ya majimbo hawajulikani sana nje ya majimbo yao. Hata hivyo, mmoja wao, Bwana Julian Bond wa jimbo la Georgia, alipata kujulikana mahali pengi, kwa sababu mashtaka yake yalileta swali linalohusu kila nchi yenye uchaguzi. Swali lenyewe ni hili: Kiti cha mjumbe ni mali ya Baraza analoketi, au ni mali ya watu waliomtuma?

MALEZI YAKE

Bwana Bond alizaliwa Nashville, katika jimbo la Tennessee, tarehe 14 Januari, 1940. Baba yake, Dk. Horace Mann Bond, alikuwa mtaalamu wa elimu. Mwaka 1945 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushika ukuu wa Chuo Kikuu cha Lincoln katika Pennsylvania, chuo ambacho Dk. Kwame Nkrumah wa Ghana alikuwa amesoma hapo awali.

Mwaka 1957 Julian aliingia Chuo cha Morehouse katika mji wa Atlanta, Georgia. Wakati huo, katika majimbo ya kusini, mtu mweusi hakuruhusiwa kula katika hoteli nyingi za Wazungu, wala kutumia vyoo vyao. Mwaka 1960 wanafunzi weusi walianza kuingia katika hoteli hizo na kuketi kimya, wasiondoke hata walipokataliwa chakula. Kutokana na harakati hizo kikaundwa chama cha wanafunzi cha kudai haki bila kutumia nguvu, na Bwana Bond alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama hicho. Aliacha masomo akawa msimamizi wa habari wa chama. Shahada yake aliipata baadaye, mwaka 1971.

MLANGO WAFUNGULIWA

Kwa miaka mingi sehemu za uchaguzi katika Georgia ziligawanywa kwa namna iliyowapunguzia nguvu watu wa mijini. Kila wilaya, hata yenye watu wasiofika elfu mbili, ilikuwa na angalau mjumbe wake mmoja. Lakini wilaya ya Fulton, penye mji wa Atlanta na watu zaidi ya nusu milioni, ilikuwa na wajumbe watatu tu. Mahakama za taifa ziliamua ya kwamba mgawanyo huo haukuwa wa haki, maana kura ya mtu mmoja yapasa kuwa na uzito sawa na kura ya mwenziwe. Sehemu zikakatwa upya, na mwaka 1965 ukafanywa uchaguzi.

Bwana Bond alisimama katika sehemu ya 136 ya Atlanta, yenye wapiga kura kama 6,500, na karibu 6,000 kati yao walikuwa weusi. Alipata kura 2,320, na mpinzani wake kura 487. Watu weusi wanane walichaguliwa katika Baraza la Wajumbe mwaka huo. Tangu mwaka 1907 hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja aliyeketi humo.

KUKATALIWA BARAZANI

Mnamo tarehe 3 Januari, 1966, kijana mweusi aliyekuwa amewahi kutumika katika jeshi la majini aliuawa kwa risasi huko Tuskegee, Alabama, kwa kudai kutumia choo kilichowekewa Wazungu. Siku tatu baadaye, chama cha Bwana Bond kilitoa taarifa ya kupinga vita vya Vietnam. Taarifa hiyo iliuliza jinsi gani serikali yaweza kupeleka vijana weusi ng'ambo kupigania uhuru ambao wao wenyewe hawana nyumbani. Ilisema pia kwamba chama kinawahurumia wasiotaka kuandikishwa askari.

Bwana Bond hakuiandika taarifa ile. Lakini mtu wa habari alipomwuliza kama anakubaliana nayo, alijibu kwamba anakubali. Alieleza ya kuwa awastahi watu wenye ujasiri wa kuchoma kadi zao za kuandikishwa askari hali wakijua adhabu yake, ingawa yeye mwenyewe hangefanya hivyo.

Baraza lilikutana tarehe 10 Januari. Masharti yote ya sheria kuhusu umri na makazi Bwana Bond alikuwa ameyatimiza, wala hakuna aliyelibishia jambo hilo. Alikuwa tayari kula kiapo cha kuitii Katiba ya Marekani na Katiba ya Georgia. Wajumbe wengi walidai kwamba mtu aliyesema maneno kama yale hawezi kula kiapo hicho kwa moyo safi. Kura zikapigwa: wajumbe 184 wakakataa asiketi, na 12 wakakubali.

Jambo hilo liliwakumbusha watu yaliyotokea katika jimbo lile lile mwaka 1868. Wakati ule watu weusi walikuwa wametoka utumwani miaka michache tu, na baadhi yao walichaguliwa. Baraza likawafukuza, likisema kwamba haki ya kupiga kura si haki ya kuchaguliwa. Hawakurudishiwa viti vyao mpaka mwaka 1870.

WAPIGA KURA WASHIKILIA MTU WAO

Bwana Bond alikwenda mahakamani, wala hakwenda peke yake. Wakazi wawili wa sehemu yake walishtaki pamoja naye, na mmoja wao alikuwa Kasisi Martin Luther King. Hoja yao ilikuwa nyepesi kufahamika: mjumbe akizuiwa mlangoni, watu waliomtuma wamezuiwa pia, na sehemu yao imebaki bila sauti.

Mahakama ya kwanza iliwashinda, majaji wawili kwa mmoja. Kiti kikatangazwa kuwa kitupu, na mwezi Februari, 1966, ukafanywa uchaguzi wa kukijaza. Watu wa sehemu ile wakamchagua Bwana Bond tena. Kamati ya Baraza ikamkataa tena. Mwezi Novemba ulipofika uchaguzi wa kawaida, wakamchagua mara ya tatu.

Tarehe 5 Desemba, 1966, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu. Majaji wote tisa walikuwa na neno moja, na aliyeandika hukumu ni Jaji Mkuu Earl Warren. Walisema kwamba Baraza laweza kumtaka mjumbe ale kiapo, lakini wingi wa wajumbe hauwi mizani ya kupimia moyo wa mwenzao. Ikiwa raia wa kawaida ana ruhusa ya kuilaumu siasa ya serikali, mjumbe hawezi kuwa na ruhusa pungufu, kwa kuwa watu humtuma aseme mawazo yake juu ya mambo ya nchi ili wapate kumpima. Mwezi Januari, 1967, mwaka mmoja kamili baada ya kuzuiwa, Bwana Bond aliapishwa akaketi.

MIAKA ISHIRINI YA KAZI

Mwaka 1968 aliongoza wajumbe waliopinga orodha rasmi ya Georgia katika mkutano mkubwa wa chama cha Demokrati huko Chicago, na mkutano ukawagawia nusu ya viti. Hapo jina lake lilitajwa kwa cheo cha Makamu wa Rais. Alijitoa, maana Katiba yataka mtu awe na miaka 35, naye alikuwa na miaka 28.

Alikaa katika Baraza la Wajumbe mpaka mwaka 1975, kisha katika Seneti ya jimbo mpaka mwaka 1987. Katika Georgia wajumbe wa mabaraza yote mawili huchaguliwa kila miaka miwili. Kwa hiyo kila mara ilimpasa arudi kwa watu kuomba kura.

Kazi yake kubwa katika Seneti ilihusu mipaka ya sehemu za uchaguzi wa Baraza la taifa, baada ya hesabu ya watu ya mwaka 1980. Baraza la Georgia lilipitisha mpango ambao katika sehemu ya 5, yaani Atlanta, watu weusi wangekuwa asilimia 57. Wasomaji waweza kudhani hiyo yatosha, lakini katika daftari la wapiga kura weusi wangekuwa chini ya nusu. Bwana Bond aliupinga mpango huo, na mwaka 1982 mahakama ya taifa huko Washington ikaukataa. Mipaka mipya iliwapa watu weusi asilimia 65.

Mwaka 1986 Bwana Bond aliomba kiti cha sehemu hiyo hiyo. Mshindani wake alikuwa rafiki yake wa tangu ujana, Bwana John Lewis, aliyepata kuwa mwenyekiti wa chama kile cha wanafunzi. Katika kura ya kwanza Bwana Bond aliongoza kwa asilimia 47, asifikie nusu. Katika kura ya marudio, Bwana Lewis alishinda kwa asilimia 52. Huo ukawa mwisho wa Bwana Bond katika mabaraza. Alifundisha katika vyuo vikuu, na tangu 1998 mpaka 2010 alikuwa mwenyekiti wa NAACP, chama cha zamani cha kutetea haki za watu weusi. Alifariki tarehe 15 Agosti, 2015, akiwa na miaka 75.

Basi swali la mwanzo lilipata jibu katika maisha ya mtu huyu, na kwa pande zote mbili. Wajumbe 184 hawakuweza kumnyima kiti alichopewa na watu wa sehemu ya 136. Na juhudi yake yote ya kuitengeneza sehemu ya 5 haikuweza kumpa kiti ambacho watu wake walimpa mwingine. Baraza lina ruhusa ya kuuliza umri wa mjumbe, makazi yake na kiapo chake. Maswali yaliyosalia ni ya wapiga kura, na siku yao ya kuyauliza ni siku ya uchaguzi.