Diski ya studio imejaa: namna ya kuhamisha Linux yote kwa diski kubwa

Ordinateri ya studio yenye diski ya GB 250 inajaa mbio: habari, matangazo, mahojiano ya miaka mingi, vyote viko mule. Siku moja inakataa kurekodi. Wako mafundi wanaosema afadhali kufuta yote na kuweka Linux upya. Si lazima. Linux, programu zake na sauti za wazee ambao wamekwisha kufariki, vyote vinaweza kuhamia diski ya TB 1 vile vilivyo.

Diski mpya inaunganishwa kwa kamba ya USB, kisha mashini inawashwa kwa kle yenye Linux, hapana kwa diski yake. Kunakili diski yenye kutumika ni kama kupima mahindi huku watu wangali wanamimina ndani ya gunia.

Halafu fundi anaandika lsblk. Diski ya zamani inaonekana na 232,9G, mpya na 931,5G. Hesabu ya mashini si ile ya kwenye karatasi ya dukani, lakini diski ni ileile. Aandike majina yao kwenye karatasi, juu majina yanaweza kubadilika kila mashini ikiwashwa. Kama ya zamani ni sda na mpya ni sdb, amri ni hii:

sudo dd if=/dev/sda of=/dev/sdb bs=4M status=progress

"if" ni kule data inatoka, "of" ni kule inaenda. Hapa ndipo watu wanalia. Ukigeuza herufi hizo, diski tupu inaandikwa juu ya ile yenye sauti zote, na dd haiulizi swali hata moja. Afadhali watu wawili wasome amri mbele ya kubonyeza.

Kwa USB 2 kazi inapita masaa mawili. Umeme ukikatika katikati, ile ya zamani inasomwa tu, haiandikwi. Kazi inaanza upya. Kama diski ya zamani imeanza kuharibika, ddrescue inafaa kuliko dd.

Ikiisha, mashini izimwe na diski ya zamani itolewe. Zote mbili sasa zina kitambulisho kimoja (UUID), na Linux inaweza kushika ile isiyo yenyewe.

Diski mpya itawaka, lakini bado itaonyesha nafasi ya kale. Warudi kwa kle, wafungue GParted; ikiomba kurekebisha meza ya diski, wakubali, kisha wapanue sehemu ya mfumo. Mara nyingi sehemu ya swap imekaa mbele yake na kuziba njia. Inasogezwa mwisho wa diski. Wakiifuta, mstari wake utolewe pia katika /etc/fstab, bila hivyo mashini inaweza kungojea sekunde 90 kila ikiwashwa.

Diski ya zamani ikae kwenye sanduku wiki mbili tatu, bila kuguswa, mpaka vipindi vyote vijaribiwe.