Mashine ya mkate ikigoma, biashara isilale

NI usiku wa kuamkia siku ya mnada. Mwokaji wa Gehandu, katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, amepokea oda za mikate ya chai. Ghafla mashine yake ya mkate inanguruma kidogo, kisha kimya. Unga umekwisha kuchanganywa, hamira imeanza kufanya kazi na wateja watafika asubuhi.

Kwa mjasiriamali mdogo, huo ni usiku wa kupoteza unga, oda na jina. Muuza chai akikosa mkate leo, kesho atanunua kwa mwingine. Hata hivyo, hasara hiyo inaweza kuepukwa, kwa sababu mashine haina siri yoyote. Inafanya kazi tatu tu: kukanda, kuumua na kuoka. Zote zilifanywa kwa mikono kabla yake.

Hatua za dharura

Kwanza, chomoa waya kwenye umeme kabla ya kugusa chochote. Kama mashine imegoma wakati wa kukanda, toa donge, liweke juu ya meza iliyopakwa mafuta kidogo na umalizie kwa mikono kwa dakika 10 hadi 15. Donge liko tayari likiwa laini, lisiponata mkononi, na kipande chake kikivutwa kinakuwa chembamba bila kukatika haraka.

Kama imegoma wakati wa kuumua, usikande upya kwa nguvu. Lihamishie donge kwenye bati la mkate, lifunike na ulisubiri. Kama imegoma wakati wa kuoka, hamishia mkate kwenye moto mwingine mara moja, kwani ukipoa ungali mbichi katikati utabonyea.

Asiye na oveni atumie sufuria kubwa yenye mfuniko. Weka mawe madogo matatu au mchanga mkavu chini, pasha moto, kisha ingiza bati. Mkaa kidogo uwe chini na mwingi juu ya mfuniko. Mkate wa nusu kilo ya unga huiva kwa dakika 30 hadi 40. Ukigongwa chini na kutoa mlio wa kitu chenye uwazi, umeiva.

Kukanda kwa akili

Wengi hukata tamaa kwa kuogopa kuumia mikono. Lakini muda unaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Changanya kilo 2 za unga wa ngano, lita 1 na robo ya maji, vijiko 6 vya chai vya chumvi na nusu pakiti ya hamira ya gramu 10 au 11. Acha dakika 30, kisha kanda kidogo. Funika usiku kucha mahali pa baridi. Unga ukikaa na maji kwa muda mrefu hujishika wenyewe, na hamira kidogo inatosha. Alfajiri gawanya madonge manne, yaache yaumuke tena, kisha oka.

Wanaotumia ngano ya Hanang iliyosagwa kijijini pamoja na pumba zake waongeze maji kidogo, kwa sababu pumba hunyonya maji na kupunguza mvuto wa donge. Kuchanganya nusu kwa nusu na unga mweupe husaidia mkate kuinuka.

Jambo jingine ni mwinuko. Sehemu kubwa ya nyanda hizi iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikiwa nyepesi, donge huumuka haraka kuliko pwani, ingawa baridi ya Juni na Julai hulichelewesha. Mashine hufuata saa yake tu, ndiyo maana mkate wake wakati mwingine hubonyea katikati. Anayeoka kwa mikono hufuata macho: donge likikaribia kuwa mara mbili, linaingia motoni.

Kutengeneza au kuachana nayo?

Kabla ya kwenda kwa fundi, angalia fyuzi ya plagi na soketi. Mota ikinguruma bila pasi ya kukandia kuzunguka, huenda mkanda umelegea au kukatika. Ikikanda bila kuoka, tatizo laweza kuwa koili ya moto. Hizo mara nyingi hutengenezeka. Bodi ya umeme ikiungua, gharama hupanda.

Wanunuzi wa mitumba wasome kibandiko. Mashine nyingi za Japani na Marekani ni za volti 100 hadi 120, wakati umeme wa Tanzania ni volti 230. Ikichomekwa bila transfoma, huungua.

Hapa ndipo hesabu inapokuja. Chukua mfano wa mashine iliyonunuliwa kwa sh 240,000 na inayotarajiwa kudumu siku 600 za kazi. Kila siku inapoteza sh 400 za thamani yake. Ikioka mikate minne kwa siku, kila mkate una sh 100 ambazo si faida bali ni gharama ya uchakavu. Wengi hula fedha hiyo, kisha mashine ikifa huonekana kama bahati mbaya. Iwekwe pembeni kila siku, kwenye kibubu au kikundi cha kuweka na kukopa.

Pia ilinganishwe kasi. Mashine ya nyumbani hutoa mkate mmoja kwa takriban saa tatu; minne ni saa 12. Donge moja la kilo 2 lililokandwa kwa mkono hutoa minne asubuhi moja kwa sufuria mbili. Ni kweli mkaa na nguvu kazi vina gharama, na lazima viingizwe kwenye bei. Lakini baadhi watagundua kwamba mashine ndiyo iliyokuwa ikibana biashara yao.

Wakazi wa Hanang wanalijua somo hili kwa ukubwa zaidi. Mashamba saba ya ngano ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), yakiwemo Basotu, Setchet na Mulbadaw, yaliendeshwa kwa msaada wa Kanada hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Yalijengwa juu ya matrekta na mashine za kuvuna zilizotegemea vipuri vya nje na fedha za kigeni, katika ardhi waliyokuwa wakichungia Wabarabaig. Msaada ulipokwisha, kuzihudumia mashine hizo kukawa mzigo.

Mashine ya jikoni ni ndogo, lakini kanuni ni ile ile. Asiyeweza kufanya kazi bila mashine, wala hajaweka akiba ya kuitengeneza, biashara yake iko mikononi mwa mkanda mmoja wa mpira. Mwokaji ajizoeze kukanda kwa mikono angalau mara moja kwa wiki, mashine ikiwa bado nzima.