Bendera Juu ya Bandari: Kusoma Mipaka katika Ramani za Zama za Kati

Ramani za vitabu vya historia huonyesha mgawanyo wa Verdun wa mwaka 843 kwa rangi tatu, na kati ya rangi na rangi pamechorwa mstari mweusi. Mstari huo ni kazi ya wataalamu wa karne za baadaye. Wajukuu watatu wa Charlemagne walipotaka kugawana milki ya babu yao, walikubaliana kuteua watu 120, yaani 40 kwa kila upande, wakaipime na kuiorodhesha. Hakuna ramani yoyote ya mgawanyo huo iliyotufikia. Kilichobaki ni orodha ya mkataba wa baadaye, ule wa Meerssen wa mwaka 870, nayo inataja majimbo ya maaskofu, monasteri na wilaya, moja baada ya nyingine. Anayechora mpaka leo huyatafuta majina hayo ardhini, kisha huyazungushia mstari ambao wagawanaji wenyewe hawakuuchora.

Nalisisitiza hili kwa sababu wengi huzitazama ramani za kale wakitafuta mistari, wasipoiona wakadhani wachoraji hawakujua nani anatawala wapi. Walijua. Waliandika kwa alama nyingine.

Mahali pazuri pa kujifunza alama hizo ni chati za mabaharia zilizochorwa kisiwani Majorca. Jaume wa Kwanza, mfalme wa Aragon, alikiteka kisiwa hicho kutoka kwa Waislamu mwaka 1229. Alipofariki mwaka 1276, kikawa na mfalme wake chenyewe. Mwaka 1343 Pere wa Nne wa Aragon akamnyang'anya kisiwa hicho shemeji yake, Jaume wa Tatu wa Majorca. Sasa chukua chati mbili: ile ya Angelino Dulcert ya mwaka 1339, na Atlasi ya Kikatalani ya mwaka 1375, inayohusishwa na Cresques Abraham, Myahudi wa Majorca. Zote mbili zimehifadhiwa Paris, na zote zilichorwa kisiwa kimoja, lakini kila moja chini ya mfalme wa tawi tofauti la nasaba moja. Pwani inafanana, majina ya bandari yamepangwa kuelekea bara, yale makubwa kwa wino mwekundu na mengine kwa mweusi. Wenye mamlaka huonekana kwenye bendera zilizosimikwa juu ya miji. Bendera humwambia nahodha anaingia bandari ya nani; kilomita thelathini kuingia bara, chati haimwahidi chochote.

Lakini bendera nayo ina kasoro zake. Chati zilinakiliwa kutoka chati zilizotangulia, na kosa la zamani lilisafiri pamoja na ukweli wa zamani. Katika Atlasi ya Kikatalani, Mansa Musa wa Mali ameketi kwenye kiti chake cha enzi akishika dhahabu, ilhali alikuwa amefariki miongo kadhaa kabla ya 1375. Tena wachoraji Wakristo walikuwa wazito kuondoa bendera ya Kikristo mahali palipotekwa na Waislamu. Kwa hiyo tarehe ya chati na tarehe ya habari zilizomo ni mambo mawili, na mchambuzi asiyeyatenganisha atapotea.

Gibraltar inaonyesha jinsi ya kuyatenganisha. Wakastilia waliitwaa mwaka 1309, wakaipoteza kwa Wamarini wa Morocco mwaka 1333, na hawakuirudisha hadi mwaka 1462. Bendera ya Kastilia juu ya mwamba huo ni sahihi kwa miaka 24, kisha ni kosa kwa zaidi ya karne nzima. Mtu akiikuta kwenye chati ya mwaka 1400, hana budi kuuliza: je, huu ni unakili wa mazoea, au ni dai la mfalme ambaye hajakubali kushindwa? Ramani peke yake haitoi jibu. Linapatikana inapowekwa kando ya mikataba, barua na kumbukumbu za vita.

Si kila ramani ya zama zile ilijali watawala. Al-Idrisi, aliyemaliza kazi yake mwaka 1154 chini ya Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, aliigawa dunia katika kanda saba, kila kanda vipande kumi, zikawa ramani 70. Kitabu chake kinafika hadi Malindi na Mombasa. Mipaka ya vipande vyake imefuata hesabu ya jiografia, na dola moja inaweza kukatwa kati ya karatasi mbili.

Wakati huohuo, ardhini mpaka ulijulikana vizuri kuliko ramani yoyote inavyoonyesha. Kati ya Kastilia na Granada, ufalme wa Kiislamu uliodumu hadi 1492, palikuwa na ukanda wa minara ya ulinzi na malisho, na mwamuzi maalumu wa kesi kati ya Waislamu na Wakristo. Ng'ombe wakiibwa, wafuata nyayo wa mji husika walifuata alama hadi mwisho wa ardhi yao, hapo wakawakabidhi wenzao wa upande wa pili waendelee. Waliokataa kuzipokea nyayo ndio waliodaiwa ng'ombe.