Kutoka Usangu hadi Uingereza: Majina ya Nchi na ya Wenyeji katika Somo la Kiingereza

Katika vitabu vingi vya kufundishia Kiingereza katika shule za msingi, aghalabu huwamo ukurasa mmoja wenye jedwali la nchi za dunia. Safu ya kwanza hutaja nchi, ya pili hutaja mwenyeji wake, na ya tatu hutaja lugha. Mtoto hutakiwa kulikariri jedwali hilo, naye hulikariri. Lakini akiulizwa wiki mbili baadaye mtu wa Hispania huitwaje kwa Kiingereza, hukisia. Kosa si la mtoto wala la mwalimu wake. Jedwali limepangwa kana kwamba mtoto hajui lolote katika jambo hili, ilhali Kiswahili kimekwisha kumpa mpango kamili wa majina ya nchi na ya watu, mpango ulio na utaratibu kuliko ule wa Kiingereza. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba yafaa kuanzia katika mpango huo, kisha kumwongoza mtoto hadi mahali ambapo lugha hizi mbili zinaachana, kwa maana hapo ndipo makosa yanapozaliwa, na baadhi yake si makosa madogo.

Tuchukue mfano wa mtoto wa Ruaha Mbuyuni, katika Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa. Kijiji chake kimo katika bonde la mibuyu, kabla ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuanza kupanda Mlima Kitonga. Kando ya barabara huuzwa vitunguu, na katika barabara hiyo hupita malori yaendayo Tunduma, na kutoka huko Zambia na Kongo, na mengine yanayoelekea Malawi. Mtoto huyu haihitaji picha ya kitabuni ili ajue kwamba dunia ina nchi nyingi. Isitoshe, mpango wa majina anao tayari kinywani. Anajua kwamba Mhehe ni mtu mmoja, Wahehe ni watu wengi, Kihehe ni lugha yao, na Uhehe ni nchi yao. Anajua vilevile kwamba maji ya Mto Ruaha Mkuu hutoka Usangu kwa Wasangu, na kwamba ukipita Iringa ukaendelea kusini utafika Ubena kwa Wabena. Shina ni moja, viambishi ni vinne. Kutoka Usangu hadi Uingereza ni hatua moja tu ya sarufi: Mwingereza, Waingereza, Kiingereza, Uingereza, Mfaransa, Wafaransa, Kifaransa, Ufaransa. Hata Ureno, ambayo jina lake latokana na neno la Wareno wenyewe lenye maana ya ufalme, imeingizwa katika mpango uo huo bila taabu. (Mwalimu atambue hapa kwamba kiambishi ni U- lakini upatanisho hufuata neno nchi: twasema Uingereza ilitawala, wala si Uingereza ulitawala.)

Kiingereza hufanya kazi hiyo kwa kubadili mwisho wa neno, na miisho yenyewe ni mingi. Ndiyo maana twashauri kwamba mtoto asianzishwe na Ufaransa wala Uholanzi, ambazo ndizo ngumu kuliko zote, bali aanzishwe na majirani. Tanzania imepakana na nchi 8, na sita miongoni mwazo hufuata kanuni moja: "Kenyan", "Ugandan", "Rwandan", "Burundian", "Zambian", "Malawian". Msumbiji huhitaji marekebisho ya tahajia, "Mozambique" ikawa "Mozambican". Na Kongo peke yake huchukua mwisho mwingine, "Congolese". Mtoto akiishika kanuni hiyo ya -an kwa nchi anazozijua, ataweza kuipeleka Nigeria na India pasipo kufundishwa upya.

Katika nchi hizo hizo, hata hivyo, Kiswahili chetu nacho kina mafundo yake, na mwalimu hana budi kuyafungua kwanza. Msumbiji ni jina la nchi linaloanza kwa M-, kama kwamba ni mtu mmoja. Hivyo watoto husema Wasumbiji, ilhali M- hiyo ni sehemu ya jina, na wingi wa mwenyeji ni Wamsumbiji. Rwanda huleta -nya-: Mnyarwanda, Kinyarwanda. Burundi ina Mrundi na Kirundi, lakini wako pia wasemao Mburundi wanapotaja raia.

Uganda ina kisa chake. Wafanyabiashara wa pwani waliofika kwa Kabaka katika karne ya 19 waliiita Buganda kwa kiambishi chao wenyewe, Uganda, na Waingereza wakalipokea jina hilo kutoka kwao. Hivyo neno "Ugandan" limevaa alama ya nchi ya Kiswahili mbele, na alama ya mtu ya Kiingereza nyuma. Watoto hulifurahia jambo hili likielezwa ubaoni. Lakini lina tatizo lake: Mganda kwa Kiswahili aweza kuwa mtu wa Buganda, au aweza kuwa raia yeyote wa Uganda, na mtu wa Gulu ni wa pili lakini si wa kwanza. Mfasiri asipochunguza habari yenyewe atatumia "Ugandan" mahali ambapo mwandishi alikuwa akizungumzia watu wa Kabaka tu.

Tofauti nyingine inahusu lugha. Mtoto aliyezoea kwamba Uhehe una Kihehe hutarajia kwamba Zambia ina Kizambia, na jedwali la safu tatu humthibitishia kosa hilo, kwa kuwa safu ya lugha lazima ijazwe. Lugha iitwayo Kizambia haipo. Wako wasemao Kibemba, Kinyanja, Kitonga na nyinginezo. Na lugha iitwayo Kitanzania haipo pia. Hata hivyo twasema mila za Kitanzania na vyakula vya Kizambia, maana Ki- hutaja lugha na hutaja pia namna au desturi. Vivyo hivyo U-: Uingereza ni nchi, lakini Utanzania si nchi bali ni hali ya kuwa Mtanzania, kwa sababu jina la nchi limekwisha kukamilika bila U-. Twaona ni afadhali safu ya tatu ya jedwali iitwe kivumishi, na lugha zipewe safu yake, nayo iachwe wazi inapobidi.

Kivumishi hicho ndicho kinachowasumbua watoto kuliko jina lolote. Kiswahili huridhika kusema lori la Zambia, bendera ya Kenya, shaba ya Kongo. Kiingereza hudai umbo jingine, "a Zambian lorry", na tena kwa herufi kubwa daima. Mtoto aandikaye "Zambia lorry" hakukosea kwa uvivu. Amefasiri kwa uaminifu. Aambiwe wazi kwamba kile kiunganishi la, ya au cha, kikifuatwa na jina la nchi, mara nyingi kwa Kiingereza hugeuka kuwa mwisho wa neno.

Baada ya -an, miisho mingine yaweza kupitiwa kwa haraka. Majina yenye -ese hayabadiliki katika wingi: Mchina mmoja na Wachina kumi wote ni "Chinese". Majina yenye -i ni ya nchi nyingi za Waislamu na jirani zao, kama "Omani", "Yemeni", "Pakistani" na "Somali". Yale yenye -ish ni vivumishi na lugha, wala si mtu: lugha ni "Turkish", mtu ni "Turk"; lugha ni "Spanish", mtu ni "Spaniard". Hapa kukariri hakuepukiki, lakini ni majina machache. Mahali pengine Kiswahili ndicho kinachotuangazia zaidi: sisi tuna Amerika, yaani bara, na Marekani, yaani nchi, ilhali "American" ya Kiingereza hubeba yote mawili. Jina hilo la Marekani lina undugu na kile kitambaa cha pamba, merikani, kilichochukuliwa na misafara kutoka pwani hadi bara katika karne ya 19.

Sasa tufikie neno ambalo katika Mkoa wa Iringa ni la hatari kuliko yote. Tumepata kusoma insha ya mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza iliyoeleza, kwa Kiingereza kilichoandikwa vizuri, kwamba Mkwawa alipigana na "the Dutch". Mwalimu aliweka alama nyekundu na kuandika kwamba mwanafunzi hajui historia. Mwanafunzi aliijua vema. Aliipokea kwa wazee, na wazee hao husema Wadachi. Mdachi, katika Kiswahili cha zamani, ni Mjerumani; neno lenyewe latokana na "Deutsch", jina ambalo Wajerumani huitumia lugha yao. Wadachi ndio walioshindwa na Wahehe huko Lugalo mwezi Agosti 1891, na ndio waliochukua fuvu la Mkwawa, ambalo lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. "Dutch" ya Kiingereza ni ndugu wa neno hilo hilo, na zamani iliweza kuwataja Wajerumani na Waholanzi pamoja. Baadaye Waingereza waliifungia kwa Waholanzi peke yao. Maneno mawili ya asili moja, yanayofanana kwa sauti, yakaangukia mataifa mawili mbalimbali. Mtoto asipoonywa, historia ya nyumbani kwake itahamishiwa kwa watu ambao hawakupata kufika Uhehe kwa vita.

Hatusemi kwamba neno Mdachi lifutwe. Limo katika masimulizi na katika maandishi ya kale, na mfasiri wa kumbukumbu za wakati ule atakutana nalo. Lifundishwe pamoja na tahadhari yake: Mdachi ni Mjerumani, naye kwa Kiingereza ni "German", "Dutch" ni Mholanzi. Na hata Uholanzi si jina kamili kwa Kiingereza, kwa kuwa "Holland" ni jina la majimbo 2 tu kati ya 12 ya nchi hiyo, na tangu mwaka 2020 serikali yake imeacha kulitumia jina hilo katika kujitangaza.

Neno la pili linalotaka uangalifu ni Mhindi, na hapa jambo linatoka darasani na kuingia ofisini. Watu wa Mbeya wanao mtaa uitwao Uhindini. Jina hilo limeundwa kama Mbuyuni, kwa -ni ya mahali, nalo ni mahali mjini wala si nchi ya ng'ambo. Katika mazungumzo yetu Mhindi ni mtu yeyote mwenye asili ya huko, awe amezaliwa Mumbai au Mbeya, na hata kama babu zake walitoka katika sehemu iliyokuja kuwa Pakistani mwaka 1947. Lugha yake nyumbani yaweza kuwa Kigujarati au Kikachi, wala si Kihindi. Lakini "Indian", ikiandikwa katika fomu penye neno "nationality", maana yake ni raia wa India. Karani anayefasiri Mhindi kuwa "Indian" katika fomu ya mtoto wa Kitanzania amemnyang'anya uraia wake kwa neno moja, na mtoto huyo aweza kuja kuulizwa maswali mpakani ambayo hakustahili kuulizwa. Hali ni hiyo hiyo kwa Mwarabu na Msomali.

Chanzo cha kosa hili ni kwamba neno "nationality" limepewa tafsiri tatu katika fomu zetu mbalimbali: uraia, utaifa, na mara nyingine taifa. Penye taifa, watu huandika Tanzania. Penye utaifa, wengine huandika hata kabila. Kwa maoni yetu, katika fomu litumike uraia peke yake, na jibu lake liwe Mtanzania kwa Kiswahili na "Tanzanian" kwa Kiingereza, wala si "Tanzania", ambalo ni jibu la swali la nchi ya kuzaliwa. Utaifa ubaki kwa hisia na msimamo wa watu walio taifa moja. Panapokusudiwa asili, isemwe mwenye asili ya Kihindi au ya Kisomali. Panapokusudiwa pasipoti, isemwe raia wa India au raia wa Somalia. Mtoto wa Darasa la Tano aweza kufundishwa tofauti hii kwa kujaziwa fomu moja ya mfano, na atakuwa ameelewa zaidi ya makarani kadhaa.

Limebaki jambo la ramani. Majina ya nchi hubadilika, na ramani za ukutani hudumu. Rhodesia, ambayo uasi wa walowezi wake mwaka 1965 ndio uliozidisha haja ya Zambia kupitishia mizigo katika barabara hii ya Ruaha Mbuyuni, ilikuwa Zimbabwe mwaka 1980. Upper Volta ilijiita Burkina Faso mwaka 1984, Zaire ikarudia jina la Kongo mwaka 1997, Sudan Kusini ikazaliwa mwaka 2011, na Swaziland ikawa Eswatini mwaka 2018. Hii ya mwisho tuliizoea kuiita Uswazi, jina ambalo vijana wa mijini wamekwisha kulipa maana nyingine kabisa, nalo halikosi kuleta kicheko darasani. Mwalimu aliye na ramani ya zamani asiitupe. Abandike karatasi ndogo juu ya kila jina lililopita, aandike jina jipya na mwaka wake, na chini yake mwenyeji kwa lugha zote mbili: Mzimbabwe, "Zimbabwean", Msudani Kusini, "South Sudanese", bila -s katika wingi.