Kwa Nini Tabibu Mwanafunzi Anakuuliza Umekula Nini

Mwananchi anayefika katika kituo cha kutolea huduma za afya, hapa Kwa Mrombo au kwingineko jijini Arusha, huenda akapokewa na tabibu mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo. Akiisha kueleza maumivu yake, huenda akaulizwa: nyumbani mnakula nini, na chakula hicho mnakiandaaje? Wapo wanaoliona swali hilo kuwa ni kupotezewa muda. Makala haya yanaeleza kwa nini swali hilo ni sehemu ya matibabu, kwa mfano wa zao tunalolifahamu sote: muhogo.

Mwaka 1985 ukame uliikumba Wilaya ya Tarime, mkoani Mara. Chakula kilipopungua, familia nyingi zilitegemea muhogo mchungu, na kwa sababu ya njaa muda wa kuuandaa ukafupishwa. Watu zaidi ya 30, wengi wao wanawake na watoto, wakapooza miguu ghafla. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990 na William Howlett, daktari wa mishipa ya fahamu aliyefanya kazi KCMC, Moshi, pamoja na wenzake akiwamo Hans Rosling wa Sweden, ulionesha kuwa ugonjwa huo ni konzo. Jina hilo limetoka kwa Wayaka wa Kongo, nalo humaanisha miguu iliyofungwa. Kabla ya hapo, mwaka 1981, ugonjwa huohuo uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika Mkoa wa Nampula, Msumbiji. Katika miaka ya 2000 ulijitokeza tena nchini mwetu, katika mikoa ya kusini.

Sababu yake ni hii. Muhogo una kemikali ambayo hutoa sumu ya sianidi pale mzizi unapokatwa, kukwaruzwa au kusagwa. Muhogo mtamu una kiasi kidogo. Mchungu una kingi. Ukilowekwa au kuvundikwa vya kutosha kisha ukaanikwa, sehemu kubwa ya sumu hutoka. Kiasi kidogo kinachobaki mwili hukiondoa kwa msaada wa protini zipatikanazo katika maharage, dagaa, mayai na nyama. Hatari huja pale mtu anapokula kwa wiki kadhaa muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, tena bila kitoweo.

Mgonjwa wa konzo hukakamaa miguu yote miwili, mara nyingi ndani ya siku moja. Hii ni tofauti na polio, ambayo hulegeza mguu, na kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kwa kawaida huja polepole pamoja na maumivu ya mgongo. Tabibu asiyeuliza habari za chakula anaweza kuipita konzo bila kuitambua. Miguu iliyokwisha kukakamaa haina dawa ya kuirudisha ilivyokuwa. Lakini swali likiulizwa mapema, ndugu wa mgonjwa wanaokula chungu kimoja naye wanaweza kuokolewa.

Huenda msomaji akasema kuwa Arusha tunakula zaidi ndizi na mahindi. Ni kweli. Hata hivyo, jiji letu hupokea wageni na unga kutoka mikoa mingi, na wanafunzi wanaojifunza hapa kesho watapangiwa kazi huko ambako muhogo ndio chakula kikuu.

Kwa matumizi ya nyumbani, zingatia yafuatayo:

Muhogo mbichi umenywe, uoshwe na kupikwa hadi uive, kisha maji yake yamwagwe. Usitafune muhogo mbichi wenye uchungu.

Muhogo mchungu ulowekwe au uvundikwe kwa siku kadhaa hadi ulainike, kisha uanikwe hadi ukauke kabisa. Kuanika peke yake hakutoshi.

Unga usioujua ulivyoandaliwa utie katika bakuli na uweke alama ulipofikia. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena hadi kwenye alama. Utandaze kwa unene usiozidi sentimita 1, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha usonge ugali siku hiyohiyo.

Bada au ugali wa muhogo uliwe pamoja na maharage, dagaa au mayai.

Muhogo haustahili kuogopwa. Huvumilia ukame na umeziokoa kaya nyingi na njaa. Unachodai ni kuandaliwa kwa uangalifu. Afisa lishe na afisa kilimo wa kata wanaweza kukupa maelekezo zaidi.

Tabibu mwanafunzi hufanya kazi chini ya msimamizi, na mgonjwa ana haki ya kuomba kumwona msimamizi huyo. Lakini akikuuliza umekula nini, mjibu kwa ukamilifu, wala usione haya kusema kuwa nyumbani hakukuwa na kitoweo. Jibu hilo laweza kuwa ndilo linalomsaidia kuutambua ugonjwa.